Sabuni ya Mbwa na Sinia la Mama

Vijana wa karai, kabla sijaanza, mmoja wenu aiondoe ile chupa ya shampuu ya rangi ya waridi iliyo kwenye rafu ya juu. Ndiyo, hiyo hiyo yenye picha ya mbwa anayecheka. Mbwa hacheki akiogeshwa. Nimeogesha mbwa tangu bendera ya Uganda ikiwa bado inanuka rangi ya dukani, na sijamwona hata mmoja aliyecheka. Mliniambia niandike machache kabla sijasahau, mkaongeza nieleze na "mafanikio". Mafanikio ni kwamba vidole vyangu vyote bado viko, ingawa kimoja hakikunjiki. Mishahara na vyeo siviandiki. Mshahara ulikuwa haba, na cheo hakikuwepo: juu yangu alikuwa Mama Athieno, chini yangu alikuwa mbwa, na siku nyingine sikuwa na hakika ni nani kati yetu yuko chini.

Nitawasimulia miaka ya sitini tu. Baadaye zikaja dawa za kopo zenye maelezo yake, mtu akawa anasoma badala ya kufikiri, na hakuna hadithi hapo.

Kazi hii sikuitafuta. Mimi ni mtoto wa Busia, upande wa Uganda, nyumba ya Waislamu. Marehemu baba alikuwa dereva, na ndugu yake, Baba Mdogo Sudi, alikuwa na lori la kubeba saruji kutoka Tororo kuvuka mpaka kwenda upande wa Kenya. Nilimwomba anichukue niwe taniboi, yule kijana wa kupanda juu ya mzigo na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Akanitazama juu mpaka chini akasema mimi ni mwembamba, upepo ukivuma atanikuta Kisumu. Basi nikaenda Tororo kutafuta riziki yangu mwenyewe. Siku moja napita karibu na nyumba za reli, mbwa mweupe aliyejaa povu akanijia mbio, akapita katikati ya miguu yangu, nikamkamata. Nyuma yake akaja mama mmoja mnene amekunja gauni mpaka magotini.

"Wewe," akasema, "nakwisha shika mbwa kabla?"

"Hapana, Mama."

"Uongo. Kesho nakuja saa moja. Kiatu usivae."

Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi.

Mama Athieno alikuwa Mjapadhola wa kule Molo, hapo hapo upande wa Tororo. Alikuwa yaya wa watoto wa Kizungu miaka mingi. Watoto wakakua, wakapelekwa shule Ulaya, yeye akabaki na mbwa wao, na akagundua mbwa hawapelekwi shule Ulaya. Hapo akaona kazi ya kudumu. Alizunguka nyumba za reli, nyumba za wakubwa wa kiwanda cha saruji na za Wahindi wa madukani, akiogesha mbwa nyumba kwa nyumba. Alivuta sigara moto ukiwa ndani ya mdomo, kama mama wengi wa umri wake, na alitukana vizuri hivyo hivyo na moto mdomoni. Mimi huu mwaka wa ngapi najaribu kutukana mdomo ukiwa mtupu, na sijamfikia.

Siku ya kwanza nilidhani atanipa mbwa. Alinipa sabuni. Alipanga vipande juu ya ubao: sabuni nyekundu ya dawa, sabuni ya mche, sabuni ya unga ya kufulia, na kichupa cha shampuu ya memsahibu mmoja, rangi ya kijani, inanukia maua.

"Tia kwa jicho," akasema.

"Jicho gani, Mama?"

"Yako. Mbwa bado nakuja."

Nilidhani ananitania. Hakuwa na mchezo huo. Nilitia. Sabuni nyekundu ya dawa ilinionyesha babu yangu, na alikuwa amekufa kabla sijazaliwa. Sabuni ya unga, siisemi. Sabuni ya mche iliniliza, lakini nililia kwa heshima, kama mtu yuko matangani kwa jirani. Ile shampuu ya kijani haikuuma hata kidogo, nikafurahi, nikasema hii hapa ndiyo yenyewe. Mama Athieno akacheka mpaka sigara ikageuka.

"Sasa lamba."

Nikalamba. Loo! Ladha ya ile shampuu sikuitoa mdomoni mpaka Ijumaa. Ndipo akanifundisha kanuni ambayo ninyi na chupa zenu mmeisahau: mbwa hana taulo, ana ulimi. Kila unachokiacha kwenye manyoya yake atakila jioni. Na ile shampuu ya memsahibu ilitengenezwa ing'ang'anie nywele, maana watu wanataka kunukia mpaka kesho. Unasuuza, unasuuza, mkono bado unateleza. Ukimwacha nayo mbwa, usiku atatapika povu kwenye zulia la watu, na utaitwa wewe, haitaitwa chupa. Kwa hiyo jicho kwanza, halafu ulimi, na mbwa mwisho. Mwezi wa Ramadhani nilimwomba anisamehe ulimi mchana. Akakubali. Jicho hakuniachia.

Sabuni tuliyoitumia tuliipika wenyewe. Tulichukua sabuni ya mche ya zamani, iliyokaa rafuni mpaka ikapasuka, kwa sababu mpya ina ukali. Tuliiparua kwa kisu, tukaiyeyusha katika maji ya moto, tukaichuja kwa kitambaa, ikipoa tunatia kijiko cha mafuta ya nazi. Hayo mafuta tulifundishwa na mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa na kibwa cha manyoya mengi kinachokaa kwenye mto kama bibi harusi. Yeye alitupita sote kwa ujuzi. Alisema mafuta yakizidi mbwa anaokota vumbi la Tororo nzima, yakipungua anajikuna, na alipima kwa kupitisha manyoya shavuni mwake. Mama Athieno, ambaye hakumsikiliza hata chifu, kwa yule mama alivua sigara mdomoni.

Na kwa mbwa wenye manyoya marefu yanayosokotana, mnaouliza "kilainishi gani, Mzee," sisi kilainishi chetu kilikuwa mlenda. Ule ule wa mboga. Unachemsha majani, unachukua ule utelezi, unaupoza, unapaka manyoya baada ya povu kwisha, chanuo linapita lenyewe. Halafu suuza na maji yenye matone ya siki. Mbwa anang'aa, na akijilamba anapata chakula cha jioni. Mama yangu alipogundua kwamba mlenda niliokuwa nachukua jikoni kwake kila nilipokuja Busia unakwenda kupakwa mbwa, alikaa chini kabisa.

"Mboga ya watu, Rajabu! Mboga niliyotafuta mwenyewe kwa mikono yangu!"

Sasa niwaeleze habari ya Mama, kwa sababu hiyo ndiyo iliyoniumiza miaka hiyo, kuliko meno ya mbwa yeyote.

Mama alikuwa Msamia wa Masafu. Aliingia Uislamu alipoolewa na baba, na aliushika kwa mikono miwili, maana upande wa baba walikuwa wanamtazama. Shangazi zangu walikuwa na macho ya kuhesabu. Mama akitia udhu, wanaangalia kiwiko kama kimelowa. Akichinjisha kuku, wanauliza nani kashika kisu. Baba alipokufa hawakuacha kutazama, walisogea karibu zaidi. Nyumba yake ikawa safi mpaka inatisha. Na katika nyumba hiyo, mwanawe wa kwanza akarudi Ijumaa moja akasema amepata kazi ya kuogesha mbwa.

Mnajua sheria yetu: ulimi wa mbwa ukigusa chombo, unakiosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Mimi nilikuwa nalowa mate ya mbwa kuanzia asubuhi. Nilinawa. Nilikuwa na ndoo yangu ya udongo safi kule Tororo, Mama Athieno akiniita "mkulima". Mbwa alioga mara moja, mimi nikaoga mara saba, na mwisho wa wiki nilikuwa mtu safi kuliko wote kati ya Tororo na ziwa. Nilikwenda hata kwa maalimu wa madrasa nikamwuliza. Akasema kazi si haramu, nawa vizuri, vaa nguo nyingine, nenda ukale na mama yako. Nikamletea Mama jibu hilo mbio mbio.

"Maalimu hajui mbwa," akasema Mama, akaniwekea chakula changu barazani.

Hapo ndipo nilipokula, vijana. Miaka. Ndani wako kwenye mkeka, wadogo zangu, shangazi, Baba Mdogo, wote wamezunguka sinia moja, mikono inagongana, wanacheka. Mimi barazani na bakuli langu la bati, kuku wananitazama. Nilijifanya sijali. Nilikuwa napiga kelele kutoka nje, natania wali wa watu, nawaambia huku kuna hewa. Uongo mtupu. Nilikuwa naumia. Kila Ijumaa nilipanda gari kutoka Tororo nikijiambia leo ataniita ndani, na kila Ijumaa sauti yake ilitoka dirishani: "Rajabu, chako kiko hapo nje." Nilitaka kitu kimoja tu duniani, kutia mkono kwenye sinia la Mama, na kazi yangu ndiyo iliyonizuia, na kazi yenyewe nilikuwa naipenda.

Baba Mdogo Sudi ndiye aliyekuwa na mdomo zaidi. Aliniita Rajabu Mbwa mbele za watu sokoni, mpaka wauza samaki wa upande wa Kenya wakadhani ni jina langu la kuzaliwa. Lakini yeye mwenyewe alikuwa na mbwa! Jibwa kubwa, jekundu, jina lake Popi, linalala chini ya lori na kulinda saruji. Ukimuuliza, anasema wa kulinda anaruhusiwa. Ni kweli, anaruhusiwa. Ila Baba Mdogo hakumgusa hata kwa fimbo. Chakula alirusha kutoka mbali, na kuoga Popi alioga mvua ikipenda.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, nitaje mbili. Baada ya uhuru Wazungu wengi wa reli waliondoka, na nyumba zikachukuliwa na wakubwa wetu pamoja na viti, mapazia na mbwa. Kulikuwa na mbwa mmoja mkubwa wa Kijerumani, anaitwa Meja, aliyefundishwa kubwekea mtu mweusi yeyote anayefika getini. Sasa mwenye nyumba mpya ni mweusi, mke mweusi, wageni weusi. Meja alibweka mpaka sauti ikakauka. Bwana mkubwa akaamua tatizo ni harufu, akaagiza aogeshwe kwa sabuni ile ile ya mkewe ili amzoee mama wa nyumba. Mama Athieno akaijaribu jichoni, akasema sabuni hii ni nzuri kwa mama, kwa mbwa itamkausha ngozi. Bwana akasema ogesheni tu. Tukaogesha. Meja akajikuna mpaka mgongo ukabaki kama kiti kilichotoka nyuzi, lakini nawaambia ukweli, yule mama alimhurumia, akawa anampaka shubiri mgongoni kila jioni kwa mkono wake, na Meja akaacha kumbwekea. Bwana akatuambia, mnaona? Tukasema tunaona. Mume mwenyewe alibwekewa mpaka alipohamishwa.

Kesi nyingine ilikuwa ya padri mmoja aliyechoka na viroboto, akamtumbukiza mbwa wake katika josho la ng'ombe. Dawa ya josho ni ya ng'ombe. Ng'ombe ni mkubwa na hajilambi kama mbwa. Tulimkuta anatetemeka, tukamsuuza kwa maji mengi na sabuni yetu mpaka mikono ikachunika. Mwenzetu Mama Athieno, ambaye si mtu wa kanisa sana, alimgombeza yule padri mpaka padri akamwomba msamaha yeye badala ya Mungu. Mbwa alipona. Mafuta ya taa nayo ni hivyo hivyo, msidanganywe na babu zenu: yanaua kiroboto na kumchoma anayemhifadhi.

Lakini somo kubwa kwa mji kama Tororo ni saruji. Huo ni ugonjwa wetu wenyewe, vitabuni hamtaukuta. Mbwa wetu walilala kwenye maghala, chini ya malori, juu ya mifuko mitupu, na walikuja kwetu wa kijivu wote, hata wale weusi. Mtu yeyote akimwona mbwa ana vumbi anakimbilia maji. Ukimwaga maji kidogo juu ya saruji, umefanya nini? Umejenga. Unageuka kuchukua sabuni, mbwa ameanza kushika kama sakafu, na chini yake ngozi inaungua, maana saruji mbichi inakula nyama. Kwa hiyo kwanza mkavu: brashi, kitambaa kikavu, mpulize, mkung'ute, mpaka kitambaa kitoke safi. Kisha maji, na yakija yaje mengi, debe juu ya debe bila kupumzika. Ama hakuna maji kabisa, ama mafuriko. Mama Athieno alinisomesha hilo mpaka nikaliota.

Sasa fikeni na mimi Busia, siku ya Idi, karibu na mwisho wa miaka hiyo.

Tumetoka kusali. Uwanja wa nyumba yetu umejaa: shangazi zangu na kanga mpya, Baba Mdogo na kanzu inayometa, majirani, watoto na pipi mashavuni. Pilau inanukia mpaka forodhani. Mimi nina kanzu yangu pia, nimeoga Tororo, nimeoga tena Busia, na nimekaa barazani pale pale pangu, kwa sababu hata Idi haikubadilisha. Ndani wanapanga masinia. Ndipo lori la Baba Mdogo likaingia uwanjani kwa kasi mpaka kuku wakapaa. Dereva wake, Wandera, hakuwa Mwislamu, kwa hiyo alikuwa kazini. Akashuka analia jina la tajiri wake.

"Mzee Sudi! Popi nakuwa jiwe!"

Mfuko wa saruji ulikuwa umepasuka njiani ukammwagikia Popi kichwani. Wandera, mtu mwenye huruma, akasimama kwenye kidimbwi, akammwagia maji ya kikombe kikombe, kisha akamweka juu ya mzigo akauke na jua. Alipomshusha, jibwa lote lilikuwa la kijivu, masikio yamesimama magumu, mguu mmoja hauendi, macho yamefungwa na uji wa saruji. Alikuwa analia sauti ndogo ambayo sikujua jibwa kama lile linayo.

Baba Mdogo akaniangalia. Hakuniita Rajabu Mbwa siku hiyo.

"Mwanangu," akasema. "Unaweza?"

Nilivua kanzu nikabaki na kaptula. Nikapiga kelele: maji, pipa zima! Siki! Ndimu zote! Mafuta ya nazi! Mkasi! Watoto wakakimbia. Ndimu zilikuwa za kachumbari, siki ilikuwa ya achari, mafuta ya shangazi yalikuwa ya nywele. Vyote vikaja, lakini hakuna mtu aliyekuja. Walisimama ukutani na nguo zao za Idi, wamekunja kanga na kanzu juu kama watu wanaovuka mto. Wandera akajaribu kumshika, Popi akamtupa. Nikashika kichwa mwenyewe kwa mkono mmoja, nikamwaga maji ya macho kwa mwingine, Popi akageuka, akanipata hapa, kidole hiki kisichokunjika. Damu ikaruka mpaka kwenye beseni.

Nikasikia kelele ya shangazi, "Mtume! Hadija, rudi! Hadija, nguo zako!"

Mama alikuwa anatoka jikoni. Hakukimbia. Alikuwa anafungua kanga yake mpya ya Idi kiunoni huku anatembea, akaizungusha mdomoni mwa Popi mara moja, akapitisha nyuma ya masikio, akafunga fundo moja la haraka ambalo sikuwa nimeliona hata kwa Mama Athieno. Kisha akakaa chini, kwenye tope, na gauni lake jeupe, akakilaza kile kichwa kikubwa mapajani mwake, akambana shingo kwa kiwiko. Popi akatulia.

"Osha," akaniambia. "Mimi nashika."

"Mama, najisi..."

"Nani kakuuliza? Osha macho kwanza. Hivi unadhani mbwa umewagundua wewe? Baba yangu alikuwa na mbwa wa mawindo kumi na zaidi kule Masafu. Nani alikuwa anawatoa miiba? Malaika?"

Shangazi mmoja akasema, "Astaghafiru." Mama hakugeuza hata shingo.

"Wewe Mwajuma, kama mdomo wako una kazi, ulete ule mtungi wa maji ya kunywa, ndiyo safi. Na ulete mwenyewe."

Shangazi Mwajuma akaleta. Nawaapia, alileta, kanga ameishika kwa meno.

Tuliosha. Maji ya mtungi kwenye macho, taratibu, bila kukata, mpaka jicho moja likafunguka, kisha la pili, mekundu lakini yanaona. Mafuta ya nazi kwenye mabonge, tukayaacha yalegee. Mabonge yaliyogoma nikayakata kwa mkasi. Pipa la maji juu yake, debe baada ya debe, Wandera anachota anaomba msamaha, anachota anaomba msamaha. Kisha maji ya siki na ndimu kuua ule ukali, kisha sabuni yangu, maana sikutembea bila chupa yangu, kisha maji tena. Mama aliniuliza maswali kama mtu wa kazi: hii imechujwa? Mbona haina povu jingi? Nikamwambia povu ni la kumfurahisha mwenye mbwa. Akasema, "Hm." Kwa Mama hiyo "Hm" ilikuwa kama cheti. Alipoona ngozi ya tumbo imeungua, alipuliza pale kwa mdomo wake, polepole, kama alivyokuwa akipuliza magoti yangu nikianguka. Nikajifanya natafuta mkasi kwa sababu macho yangu yalikuwa yamejaa, na sikuwa nimetia sabuni.

Popi alisimama jua likiwa limeshapita kichwani. Alikuwa mbaya, mabaka mabaka kama mkeka uliotafunwa na panya, lakini alitembea kwa miguu yake minne, akaenda akalala chini ya lori lake. Baba Mdogo akaenda akakaa karibu na gurudumu na kanzu yake yote.

Tulibaki mimi na Mama kwenye tope. Wote wawili tumelowa mate, damu na saruji. Akachota udongo safi nyuma ya jiko, akanimwagia maji, nami nikammwagia. Tulihesabu pamoja kwa sauti, moja, mbili, mpaka saba, kidole changu kinauma vibaya sana. Akabadilisha nguo, nami nikavaa shati la mdogo wangu. Tulipoingia ndani, masinia yalikuwa matupu. Wageni wa Idi hawasubiri mbwa. Kulibaki mifupa, maganda ya iliki na wageni wanaopiga mbweu.

Nikageuka kwenda barazani kwa mazoea. Miguu ilikuwa inajua njia.

"Unakwenda wapi?" Mama akauliza.

Akaingia jikoni, akatoka na sufuria lenyewe, jeusi masizi, chini limeganda ukoko wa pilau, ule mwekundu mgumu wenye mafuta yote na nyama zilizojificha. Akaliweka chini katikati ya mkeka, mbele ya shangazi zangu wote, akakaa upande mmoja. Akaubandua ukoko kwa mikono yake, akauvunja vipande viwili, kile kikubwa akakisogeza upande wangu.

"Tia mkono, mwanangu," akasema. "Leo tumefanya kazi."